Kujisaidia

Kwa adabu tunasema: amekwenda kujisaidia.
Baba angelicheka. Miaka arobaini
alizibua mabomba ya mji wa Szeged,
akijua ajuavyo fundi
kwamba hakuna bomba linalojisaidia.

Kila alipotoka chooni alinawa,
akasimama koridoni, nje ya mlango,
maji yakimchuruzika viwikoni,
akainong'onea ile karatasi
aliyoigundisha ukutani kabla sijazaliwa,
imevimba kwa mvuke, imeliwa pembe:
Kiebrania cha mistari michache, kumshukuru Mola
aliyetutoboa kwa hekima,
akaweka tundu hapa, mfereji pale,
na kimoja tu kikiziba, au kikiachia,
hatusimami.
Hakujiitikia amina. Amina, alisema, ni ya mwenzio.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja
Boriska alikuja kwetu kula keki, akamsikia.
"Baba yako anaongea na choo?"
Nikasema ana kikohozi.

Sasa ni Jumatatu, Jumatano, Ijumaa.
Figo zimefunga duka.
Saa nne anakaa kando ya mashine,
mkono wa kushoto umelazwa kama mkate ubaoni,
damu inatoka, inazunguka, inarudi,
naye anaikagua mirija kwa jicho la kazi:
"Kiungo hiki," anamwambia nesi Piroska,
"mimi ningekikaza nusu mzunguko."

Mkojo ulikatika mwezi wa Novemba.
Hakulalamikia kiu, glasi moja kwa siku,
wala sindano nene kama msumari.
Alilalamika mara moja tu, kwenye teksi,
akiutazama mto Tisza uliojaa hadi kwenye ngazi:
"Sina tena pa kuisomea."
Nikadhani anazungumzia miwani.

Alimuuliza rabi, kijana mwenye haya:
mashine ikimaliza kazi yake, je, mtu aseme?
Rabi akaahidi kutafuta vitabuni.
Alirudi wiki ya pili na machungwa,
ambayo baba amekatazwa,
akasema wakubwa wametofautiana.
Baba akamshukuru kwa yote mawili.
Machungwa niliyala mimi, ndani ya basi.

Sala nyingine zimebaki naye:
ya kuamka, kabla mguu haujagusa sakafu;
ya mkate; ya usiku, kiganja juu ya macho.
Ile ya koridoni tu ndiyo imekaa ukutani
kama mgeni aliyebisha hodi
akasahauliwa mlangoni.

Jana nilikunywa vikombe viwili vya chai ya hospitali.
Nikaenda. Nikajisaidia, tuseme hivyo.
Nikanawa, nikasimama nje
chini ya taa inayopepesa,
na mwili huu wa miaka hamsini na miwili
nikausikia ukifanya kazi
bila kudai mshahara.
Mwanzo nilikuwa nao, ule wa baraka zote.
Baada ya hapo, hola.

Nikarudi kitandani kwake na mikono mibichi.
"Baba, baada ya Mfalme wa ulimwengu kinafuata nini?"
Aliitazama mikono inavyodondosha
kwenye sakafu safi ya Piroska.
"Umetoka chooni?"
"Nimetoka."
"Maji mengi?"
"Baba!"
"Nauliza."
"Mengi."

Akafumba macho. Akanipa neno, nikalisema;
akanipa neno, nikalisema,
kama mafundi wawili wanaoshusha boila ngazini:
polepole, upande wako, haya, upande wangu.
Mashine ilipiga kelele, hewa kwenye mrija;
Piroska akaja, akaugonga kwa ukucha, akaenda.
Hatukukatisha.
Kwenye matundu niliteleza, nikatamka upuuzi,
akanirudisha juu kipandio kimoja.

Nilipofika mwisho alikuwa kimya
kwa muda ulionitia hofu.

"Amina!" akasema,
wodi nzima ikageuka,
kama mtu aliyefungua koki kuu huku chini
akatega sikio, akasikia
ghorofa ya nne maji yamefika.

Halafu akaniagiza nipanguse sakafu.