Fomu Haina Mama Mkubwa

Hialeah, saa tisa mchana. Chumba cha kungojea
kina feni mbili, moja imekufa.
Nimeshika namba arobaini na saba
na picha ya Eneida akinichana nywele,
mimi na meno mawili, yeye na kitana mdomoni.

Karani ni kijana mpole. Ana pete mpya.
"Unakwenda kumwona nani?"
Mama mkubwa.
Akaandika *mama*. Akasita.
"Mama, au?"
Mkubwa. Dada wa aliyenizaa.
Akalifuta neno taratibu, akapuliza,
vumbi la kifutio likaangukia goti langu.

Mzazi yumo. Mume yumo, mke yumo.
Mtoto, ndugu wa tumbo moja, bibi, babu, mjukuu, wamo,
na hao pia mara moja tu kwa miaka mitatu:
uchague kumwona akiwa hai
au kumzika.
Binamu hayumo. Mjomba
hata wino hawakumpotezea.

Nikamwambia: aliyenizaa alinizaa Jumanne,
Alhamisi akazikwa.
Ziwa nililonyonya ni la Eneida, la kushoto,
la kulia lilikuwa la mwanawe.
Nani aliuza cherehani nisome Santa Clara?
"Naelewa," akasema, na najua alielewa.
Kuelewa hakuna mhuri.

Nyumbani nikafungua kifurushi nilichokifunga Jumapili.
Toa sabuni, haipiti.
Toa soksi, toa sidiria,
toa gauni la maua madogomadogo nililomkadiria
kwa mwili wangu, nikaongeza pindo.
Dawa ya sukari inapita.
Kwa hiyo Eneida aishi, ila asioge.

Na pesa? Pesa ni za waliomo.
Mkono mtupu haulambwi, tunajua,
lakini wangu si mtupu. Umejaa, umefungwa kamba.

Nikampigia. Mvua imeingia jikoni, akasema,
sufuria zote ziko sakafuni zinakinga,
usiku zinaimba kila moja na sauti yake.
"Usijisumbue, mwanangu."
Sauti hiyo naijua. Ndiyo aliyoitumia
siku alipokula maganda akasema ameshiba.

Rigoberto wa duka la mikate haafiki.
Kaka yake alisimamishwa ukutani, zamani,
asubuhi, bila viatu.
"Kila dola unayotuma inamlisha aliyefyatua."
Redioni husema hivyo hivyo, kila Jumatano, kwa jina lake kamili.
Simjibu. Msiba wake ni mzito kuliko hoja yangu.
Lakini Eneida hakuua mtu,
hata kuku wake humwita jirani aje amchinje.

Usiku wa kuamkia jana akagonga mlango.
Gari aliliacha mtaa wa pili.
"Nasikia binti wa Osmel anasafiri, zamu yake imefika."
Akaweka mfuko mezani: miche sita ya sabuni,
miwani ya kusomea, mkono mmoja umefungwa uzi,
kikaratasi chenye jina la mwanamke na mtaa, Placetas.

"Ni nani wako?" nikamuuliza,
kwa sauti ile ile ya ofisini, nikajichukia.
Akautazama mlango.
"Binamu."

Nikateleka kahawa. Hatukusema la serikali,
ya huku wala ya kule.
Aliponiuliza gauni lile kitini ni la nani
nikalikunjua, nikaviringisha sabuni zake ndani,
nikakaza, nikakaza tena,
yeye akashika kamba kwa kidole
nifunge fundo.