Jembe la Dakika ya Tatu

Nimechoka kuulizwa habari ya chumvi.
Wifi yangu Jenoveva ana presha, hataki hata kuiona.
Mzee Ntakije haionji hata umwagie kopo zima.
Mtoto wa Sekunda hali kitu chenye macho,
na dagaa, maskini, ni macho matupu.

Basi Jumamosi hii nimeamua:
nyumba yangu, kiazi changu,
mengine shauri yenu.

Viazi nilivifuata sokoni Mwanga asubuhi na mapema,
vile vya Manyovu, vimeshuka mlimani na udongo wake,
kimoja kinajaza kiganja na kidole gumba kinabaki nje.
Muuzaji akauliza, vya chipsi?
Nikamwambia, vya kuoka, vizimavizima, na maganda yake.
Akanitazama kama mtu aliyefiwa,
akaniongezea kimoja.

Umeme ukakatika saa nane. Nani aliuambia?
Nikatoa sufuria lile kubwa la misiba,
mchanga chini, viazi juu ya mchanga,
mkaa jikoni, mkaa juu ya mfuniko,
kama ninavyooka keki za kipaimara.
Kila kiazi nilikitoboa kwa uma,
kisije kikapasuka na siri yake.

Mezani, bakuli kumi na moja:
maharage mekundu, dagaa wa kukaanga,
migebuka niliyoichambua miiba hadi macho yakauma,
kachumbari, parachichi, mayai, siagi,
karanga za kutwanga, pilipili (nimeifunika),
kisamvu cha jana ambacho leo ni kitamu zaidi,
na chumvi, peke yake, pembeni, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Wakaja. Wakanawa. Wakakaa.
Nikampa kila mtu kiazi kimoja kimepasuliwa msalaba,
mvuke unampiga usoni,
nikasema, haya, jijengeeni.

Kimya.

Mama Bukuru, mkwe wangu, akaziweka mikono mapajani.
"Mgeni hupewa jembe siku ya tatu," akasema.
"Mimi hata dakika ya tatu sijafika."

Butoyi, mume wangu, akaanza kuchunguza dari.
Dari letu halina kitu.
Mzee Ntakije akakohoa kikohozi cha mtu mwenye njaa.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo tangu saa nane.
Lakini mtoto wa Sekunda, yule asiyekula macho,
alishapanda juu ya kiti,
anajenga:
karanga, parachichi, karanga, yai, karanga,
akasimama kidogo kama fundi anayepima ukuta,
akaongeza karanga.
Jenoveva akacheka, akavuta maharage.
Ntakije akafunua pilipili bila kuombwa.
Vijiko vikagongana njiani, samahani, pita wewe,
na chumvi ikaanza kuzunguka meza,
kila mtu na vidole vyake, kila mtu na dhambi yake.

Mama Bukuru alitazama bakuli zote,
moja baada ya moja, kama karani wa mizani.
Kisha: "Mawese yako wapi?"

Bakuli kumi na moja. Siagi ya kopo kutoka mbali.
Mawese hakuna.
Kigoma hii.

Akafungua mkoba, akafunua kitenge,
ndani ya kitenge mfuko, ndani ya mfuko kichupa
kilichokuwa cha dawa ya kikohozi.
Akakipasha kwanza karibu na jiko, hana haraka.
Akamwagia kiazi chake, kikawa na rangi ya jua la Bangwe,
akakipitisha kichupa kwa Ntakije, Ntakije kwa Sekunda,
hadi kikanifikia mimi, kimebaki tone.

"Sasa nimepewa jembe," akasema, akaomba migebuka.

Usiku, baada ya vyombo,
nilikiona kile cha nyongeza kwenye mchanga,
upande mmoja umeungua.
Nikala nimesimama, gizani,
ganda na yote.
Tone nililiweka katikati.
Chumvi sikutia. Nilisahau.