Mlango wa Kushoto

Nyumba yetu ilifika Jumanne, imelala juu ya lori,
imefungwa mikanda kama mgonjwa wa kusafirishwa.
Dereva akashuka, akaupima uchochoro kwa macho,
akasema: hapa hata baiskeli itapita ubavu.
Akaishusha barabarani, akadai sahihi, akaenda zake.

Kiwanja kina upana wa mita saba na nusu.
Zamani ulikuwa upande wa kuanikia nguo;
upande wa pili, na nyumba ya babu juu yake,
ulilipa deni la hospitali ya mama.
Sasa pameota ghorofa mbili za kijivu
zinazotutazama kwa dirisha la choo.

Baba alifanya kazi kiwanda cha magari, hapa Geelong,
miaka ishirini na sita, mstari wa tatu,
akikaza mlango wa kushoto.
Wa kushoto tu. Wa kulia ulikuwa wa Kosta.
Magari yalimpita kama siku zinavyompita mtu,
na hakuna hata moja alilolisikia likinguruma.
Kiwanda kilipofungwa walimpa saa ya mkononi
na kijitabu cha namna ya kutafuta kazi.

Leo ana kitabu kingine, kurasa mia na arobaini,
na vyuma vyenye namba, A moja hadi M kumi na tisa.
Anakilowesha kidole kwa ulimi, anafunua.
"Tamsin, B saba inaungana na nini?"
"Na C mbili."
Anainama, anakaza,
na mkono wake unakumbuka kabla yake.

Bi Voula wa jirani aling'oa mbao tatu za uzio wake
ili mabati yapite. Hakuombwa.
Alikuja na nyundo, amevaa ndala juu ya soksi,
akisema marehemu mumewe alizipigilia vibaya tangu mwanzo.
Bati la pili likakata tawi la mlimau wake.
Kimya.
Kisha: "Hilo lilikuwa linazaa kwenu siku zote."

Nguzo ya nane ilisimama kabla ya chai.
Kwenye shimo la tisa sururu ikagonga jiwe,
na halikuwa jiwe.
Lilikuwa zege la ule mti wa chuma wa kuanikia,
wenye mikono minne, uliozunguka na upepo,
niliokuwa nikining'inia, shuka zikinipiga usoni,
mama akipiga kelele kutoka jikoni: utauvunja!
Baba alilimwaga mwenyewe mwaka niliozaliwa,
kwa hofu ya mtu asiyejua kipimo:
ndoo kumi na mbili, penye haja ya nne.

Tulilipiga siku mbili. Halikutikisika.
Akaja mkaguzi wa halmashauri, kijana wa miwani,
akachuchumaa, akapima kutoka kwenye uzio,
akaligonga kwa kisigino, akapiga simu kwa mtu,
akaandika: nguzo ya tisa, ipo tayari.
Baba akaenda nyuma ya rundo la mabati
kutafuta bolti, alisema. Alikaa huko
hadi chai ikapoa.

Huku kwetu jua la mchana hukaa kaskazini,
kwa hiyo madirisha yote tumeyaelekeza huko,
kwa Bi Voula, kwenye pengo la mbao tatu
ambazo mpaka leo hajazirudisha.

Mlango ulikuja mwisho, ukurasa wa mia na thelathini na sita.
Mchoro unataka bawaba zikae kulia.
Nilimwonyesha. Aliutazama mchoro kwa adabu,
akaugeuza mlango.
Akakaza bawaba kushoto, bila kuangalia vidole.
Akaufungua. Akaufunga. Akaufungua.
Akasimama kizingitini kama anasubiri gari linalofuata
lije limwondolee huu.
Halikuja. Akaingia.

Bolti saba zimebaki kwenye ndoo.
Tumekisoma kitabu mara mbili, hatujui ni za wapi.
Upepo wa kusini ukivuma usiku, namsikia
anaamka, anapita ukumbini, anagonga ukuta
mmoja mmoja.