Daftari la Makonyo

Kurasa sita za mwanzo hazina jina la Mungu.
Zina pishi.
Ching'ole, pishi nne. Mihambo, tano na kibaba.
Agripina Nang'olo, pishi saba, na pembeni
msimamizi kaandika: huyu mwanamke ana mikono ya kima.

Ukurasa wa saba ndio kanisa.

Mimi ni karani wake wa nne. Nimekaa hapa Limbani,
umeme umerudi, chemli nimeizima,
nanakili yale ambayo mchwa hawajayasoma,
maana ofisini wametaka fomu ijazwe:
Dhehebu lilianzishwa lini? Na nani? Kwa katiba ipi?
Wameacha mstari mmoja wa majibu.

Niandike nini katika mstari mmoja?

Kwamba mwaka ule mikarafuu ilizaa hadi matawi yakalia,
wakaletwa wachumaji kutoka bara;
kwamba misheni ilikuwa na mabenchi kumi na mawili
na wachumaji walisikiliza Injili dirishani,
kwa kuwa nguo zao zilinuka shamba;
kwamba mtoto wa Agripina alikufa Jumanne
kwa homa, hajabatizwa,
na padri (si mtu mbaya, wanasema alilia)
akajibu kengele haitagongwa,
mtoto hana jina kitabuni.

"Basi nitatafuta kitabu kingine."
Hayo ndiyo maneno yake. Nimeyathibitisha kwa mashahidi watatu,
ingawa wawili walikuwa hawajazaliwa.

Akaenda kwa msimamizi, akaliomba daftari la pishi.
Bi Time Hamadi, nyumba ya pili, akatoa sanda,
akatoa na jamvi lake la kuanikia, akasema:
"Maiti hangoji mjadala, mwanangu. Jua hilo."
Mtu akaokota kaa la moto lililopoa, akaandika:
TADEO. MENO MANNE.
Wakaketi jamvini, viatu nje, kama majirani wafanyavyo.
Hadi leo hatuna benchi.

Jumapili iliyofuata walikuwa tisa.
Misheni wakawacheka: karafuu zimo guniani,
hayo mliyoyaona chini ya mti ni makonyo.
Wakalipokea tusi kama mtu aokotavyo senti njiani,
wakalifuta vumbi, wakalitia mfukoni.
Waulize wanaokamua mafuta:
konyo nalo lina harufu, ukilipasha moto.

Msimu ukaisha, wachumaji wakatawanyika,
na hapo ndipo tulipoenea, bila mhubiri hata mmoja.
Mihambo alikwenda Tomondo kuchoma chokaa.
Ching'ole alivuka hadi kwenye mkonge wa Pangani.
Kila aliyeondoka alichana ukurasa mtupu
akaukunja mara nne,
na huko alikofika akauliza:
nani hapa ana maiti asiye na kitabu?
Wapo. Kila mahali wapo.
Ndiyo maana daftari letu limekonda hivi.

Sitaficha, tuligombana.
Tomondo walitaka ngoma.
Mkoani walitaka askofu; wakampata, wakajuta.
Mwaka mmoja sadaka iliondoka na mtunza hazina
pamoja na baiskeli ya kanisa.
Luwongo, kama bado u hai, fedha tumesamehe.
Baiskeli rudisha.

Agripina hakuitwa mchungaji, wala hakujua kusoma.
Alijua neno moja tu, kwa umbo lake,
kama mtu ajuavyo mlango wa kwao gizani.
Kila Jumapili alifungua ukurasa wa saba, akaweka kidole,
akanyamaza.
Hayo ndiyo yalikuwa mahubiri.
Makaa yamefifia. Alama ya kidole
sasa ni kubwa kuliko jina.

Mwanzilishi, inauliza fomu.
Nimeandika: Tadeo.
Umri wake: meno manne.

Wakiirudisha, ninayo kalamu nyingine.