Injini Baridi

Ya kwanza ilikuwa ghalani, Vilalba,
chini ya shuka la maua,
lile la kumtandikia mgeni ambaye hakuja.
Kilomita elfu ishirini na tisa
kwa miaka ishirini na sita.
Kaka yangu Uxío alipiga mluzi.
“Bado mwali,” akasema,
akapitisha kiganja juu ya tanki
lisilo na mkwaruzo hata wa ukucha.

Mimi nikapiga magoti.
Miaka thelathini na minne nimesambaza barua milimani;
najua bahasha isiyofunguliwa
si lazima iwe na habari njema.
Tairi zilipakwa kiwi zikang'aa,
lakini ubavuni zilikuwa na nyufa
kama tope la dimbwi lililokauka.
Ndani ya kichujio cha hewa panya alizaa,
akalea, akahama.
Petroli kwenye kaburata imekuwa gundi.
“Marehemu aliinunua twende Lisbon,”
alisema Bi Herminda, akiitazama mikono yangu.
“Tulifika Ourense.”
Bei aliitaja mara moja tu, kwa sauti ndogo,
kisha akairudisha shuka mwenyewe, pembe kwa pembe.

Ya pili, Monforte,
kwa kijana mwenye glavu safi na maneno ya asali.
Rangi mpya. Kiti kipya. Masanduku mapya ya pembeni.
Kipimo kinasoma elfu sitini na moja,
ilhali vikanyagio vimelika hadi chuma
na mpira wa gia ni laini kama kokoto ya mtoni.
Mdomo hupakwa rangi; nyayo, hapana.
Niliigusa injini kabla hajamaliza salamu:
moto.
“Niliipasha kidogo, dada, usije ukapata tabu.”
Tabu ndiyo niliyoifuata!
Injini husema kweli ikiwa baridi,
kama mtu aliyeamshwa usiku wa manane
akaulizwa jina lake.

Kwa ya tatu, Uxío hakutaka hata kushuka garini.
Laki moja, themanini na saba elfu.
“Kiinua mgongo chako chote kitaishia kwa fundi.”
Mvua ilikuwa ya Novemba, ile isiyo na haraka.
Baldomir, aliyekuwa daktari wa ng'ombe,
alinionyesha kwanza ubovu:
tanki limebonyea kushoto, barafu ya Pedrafita;
“na nyonga yangu, upande huohuo.”
Kisha daftari.
Machi 12, oili na plagi. Kwa Rosendo, ndama mapacha.
Juni 3, breki za mbele. Jike la Carme, hakupona.
Kurasa na kurasa, mwandiko uleule
ukizidi kutetemeka.

Nikaweka kiganja. Baridi kama jiwe la kisima.
Akabonyeza: ikakohoa.
Akabonyeza tena: ikashika,
ikatoa moshi mweupe, ukaisha,
na vali zikaanza kugongana taratibu
kama sindano za mfumaji.
Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Aliyesema hivyo hakuwahi kununua pikipiki.

Nilihesabu euro elfu moja mia tisa mezani jikoni.
Yeye hakuzihesabu.
“Mzunguko mmoja,” aliomba,
na kofia tayari ilikuwa kichwani.

Dakika kumi. Ishirini. Kahawa ikapoa.
“Ameiiba pikipiki yako,” alisema Uxío dakika ya hamsini,
na hakuwa anatania sana.

Tuliisikia kabla ya kuiona,
ikishuka kati ya michesnati, gia ya tatu.
Baldomir alishuka kwa awamu, nyonga mwisho,
maji yakimchuruzika kidevuni.
Kilomita arobaini na moja zaidi.
Sikuomba punguzo.
Alifungua daftari, akaziandika,
akapuliza wino ukauke,
akanipa
na kalamu.