Kalamu ya Unene Sifuri

Kalamu yangu haina wino wala kifuniko.
Naiumba kwa mstari mmoja wa msimbo:
rangi, unene, mtindo,
mfululizo, mikato au nukta.
Nalikabidhi dirisha tupu, nalitajia pointi mbili,
toka hapa, nenda kule.
Inakwenda. Haiulizi ni kwa nani.

Nafanyia kazi Ngamiani, chumba cha juu,
chini yangu Shekue anauza betri za pikipiki.
Kazi ni ramani ya viwanja, ifunguke kwenye kompyuta.
Nilianza na mtaa wetu kwa uvivu:
barabara ya kwanza, ya pili, mpaka ishirini na kitu,
kitanzi kimoja tu cha msimbo
na mji unajipanga kama meno ya kitana.

Taabu ilinisubiri Mwakidila.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa mchora ramani.
Karatasi yake ninayo, imekuwa rangi ya chai ya tangawizi.
Kalamu yake ya chuma, ncha nusu milimita,
aliiosha kwa spiriti kila alasiri;
jiko tulikatazwa kuligusa mara moja,
kalamu ile, kila siku.

Kwa ncha hiyo alivuta mstari
kati ya Bi Mwanakombo na Mbelwa.
Nusu milimita.
Piga hesabu, moja kwa elfu mbili na mia tano:
mita moja na robo ya udongo
iliyolala chini ya wino miaka thelathini na moja
bila mwenyewe,
hadi ulipoota mpapai.

Bi Mwanakombo: "Mstari wote ni wangu, aliyeuchora alisimama kwangu."
Mbelwa: "Alisimama kwako kwa sababu ulimpa uji."
Baraza la kata limekaa mara tatu.
Mapapai yanaiva, yanaanguka, popo hawana kesi.

Nikauchora mstari kwenye kioo kwa unene wa baba.
Nikakuza, ukavimba.
Nikakuza, ukawa barabara.
Nikakuza tena, kioo kizima kikawa cheusi,
nikawa nimesimama ndani ya wino wake
sioni kiwanja, sioni jirani.

Ndipo nikaiandikia kalamu: unene, sifuri.
Wasioijua kazi hii hudhani sifuri ni kutokuwepo.
Sivyo. Ni unywele mmoja wa mwanga;
kuza utakavyo, haunenepi,
mstari usiokula shamba la mtu.
Usiku huo nililala kama hakimu.

Asubuhi nikawapelekea kompyuta, nikaiweka juu ya kinu.
Bi Mwanakombo akainama kama anayechungulia kisima,
akavaa miwani, akaivua.
"Mpapai uko wapi?"
Sijauchora, nikasema. Mpaka unapita katikati ya shina.
"Basi umechora hewa," akasema Mbelwa,
na yule bibi akaitikia, "Hewa tupu."
Kumbe hilo walikubaliana.

Nikarudi juu ya duka la betri.
Kipande kile nimekipa mikato:
pikseli nne mstari, pikseli tatu nafasi,
za mtu kupitisha mguu, au bakuli.
Brashi sikuitumia. Kalamu huzunguka, brashi hujaza,
na mimi si wa kujaza ardhi ya watu rangi.

Juzi nimepita. Mpapai ungalipo.
Pondo mbili zimeegemezwa shinani,
moja kila upande.

Kuna adabu ya kazi hii, wanaoanza huisahau:
ukimaliza kuchora, lirudishie dirisha
kalamu uliyoikuta,
ndipo uitupe yako,
la sivyo kumbukumbu itajaa mpaka mashine izimie.
Nafanya hivyo. Yangu naitupa, mara elfu kwa siku.

Niliyoikuta imo kwenye mtoto wa meza,
wino umeganda nchani.
Spiriti nimenunua.
Bado sijaifungua.