Magoti ya Aliisa

Kuusamo. Baridi inauma hata meno.
Aliisa yuko juu; chini yake matuta
yameumuka kama mikate, sinia nzima.

Wino umeganda. Waamuzi tunaandika kwa penseli.

Kasi? Saa itaisema.
Miruko miwili? Ina wenyewe, pale pembeni.
Mimi nimepewa magoti:
yaambatane, yapande, yashuke,
kichwa kitulie, kana kwamba hakijui
miguu inapigana na nini.

Tuta la tisa, skii moja inachepuka.
Kiganja kinagusa theluji,
kinaondoka.

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga;
wahenga hawakuwa na karatasi ya alama.

Nakata nusu.
Goti langu la kushoto,
lenye skrubu mbili tangu Februari ile,
linaniuma kwa niaba yake.